Nyaraka hii, waraka huu, au picha hii tu?

Msomaji wa Dar es Salaam anauliza: “Shikamoo mwalimu. Nimepata kazi ya miezi sita hapa Upanga. Tunaskani picha, barua na michoro ya majengo ya zamani, kisha tunaviandikia maelezo mafupi kwenye kompyuta. Msimamizi wangu anataka kila maelezo yaanze na ‘Nyaraka hii ni…’. Mzee mmoja aliyestaafu masijala alipita, akasoma, akacheka: ‘Waraka huu, binti yangu, siyo nyaraka hii.’ Lakini nikiandika ‘waraka huu’ chini ya picha ya bandari, naona kama natania. Nani yuko sahihi? Na mchoro wa nyumba niuite mchoro au ramani? Mwisho, ‘kudijitaizi’ ni Kiswahili?”

Marahaba, binti. Mzee wa masijala anamshinda msimamizi wako kwa sarufi, na wewe unawashinda wote wawili kwa sikio.

Tuanze na sarufi, maana hapo hakuna ubishi. Waraka ni umoja, nyaraka ni wingi: waraka huu umechanika, nyaraka hizi zimechanika. Ni jamii moja na wimbo na nyimbo, uzi na nyuzi, ufa na nyufa. Anayeandika “nyaraka hii” amefanya kosa lilelile la kijana wa daladala anayesema “nyimbo hii kali”, au fundi umeme anayekuambia “nyaya hii imeungua”. Dar es Salaam nzima inasema hivyo, na sababu yake naielewa. Masikio yetu yamezoea nyumba hii na nyumba hizi, nyuki huyu na nyuki hawa, maneno yanayoanza na ny- ambayo hayabadiliki katika wingi. Basi nyimbo na nyaya nazo zinavutwa humohumo. Kuelewa siyo kuruhusu, hasa katika maandishi yatakayokaa miaka mingi baada ya mkataba wako kwisha.

Lakini hebu tazama neno lenyewe lilivyofika hapa. Kiarabu kina waraqa, jani au karatasi, na wingi wake kwao ni awraq. Waswahili walichukua umoja wakaacha wingi. Wakaitazama ile w ya mwanzo kana kwamba ni kiambishi chetu, wakaivua, wakaweka ny-. Ndivyo walivyofanya kwa kitab: wakaona ki- wanayoifahamu, vikazaliwa vitabu. Waya nayo, iliyotoka kwa Waingereza, ikaingizwa kundini, tukapata nyaya. Kwa hiyo nyaraka ni wingi tuliojitengenezea wenyewe, ndiyo maana unaniuma kuuona umegeuzwa umoja.

Sasa twende kwenye lile lililokukera wewe, ambalo mzee hakuligusa. Zamani waraka ulikuwa barua tu. Katika barua za pwani za karne ya 19 utakuta mtu anamwandikia mwenzake “waraka wako umefika”. Leo ukimwambia mtu amepokea waraka, atafikiria mambo mawili: agizo la serikali linalosambazwa ofisini, kama vile Waraka wa Elimu, au barua za mitume zinazosomwa kanisani, kama Waraka wa Paulo kwa Warumi. Umoja umesinyaa. Wingi, kinyume chake, umenenepa. Nyaraka sasa ni kila kilichohifadhiwa: majalada, picha, ramani, hata kanda za sauti. Hawa wawili ni kama mume na mke walioachana wakabaki na jina moja la ukoo. Ndiyo maana kuandika “waraka huu” chini ya picha ya bandari kunakuchekesha. Sarufi ni safi, maana imekwenda kombo.

Utaratibu wa serikali wenyewe unatusaidia hapa. Idara inayohusika inaitwa Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, na sheria yake ni Namba 3 ya mwaka 2002. Maneno hayo mawili hayakuwekwa kwa kurembesha jina. Jalada lililo mezani kwa afisa, linalofunguliwa na kufungwa kila wiki, ni kumbukumbu. Likishamaliza kazi yake ya kila siku, likapitiwa na kuonekana linastahili kutunzwa moja kwa moja, linaingia katika nyaraka. Maana yake nyaraka ni hadhi ambayo kitu kimeipata, na kitu hakipotezi jina lake kwa kupata hadhi. Mtu akistaafu anakuwa mstaafu, lakini anabaki Juma.

Kwa hiyo andika kilicho mkononi mwako. Picha hii. Barua hii. Mchoro huu. Cheti hiki. Kama ni maandishi na huna hakika ya aina yake, hati inatosha, ila kumbuka kwamba mtu wa Dar akisikia hati anafikiria kwanza hati ya kiwanja. Na kama msimamizi wako anang’ang’ania neno moja la kubandika kila mahali, mpe kumbukumbu. Sheria inalitambua, halibadiliki katika wingi, na halikatai picha wala karatasi: kumbukumbu hii, kumbukumbu hizi. Nyaraka za Kijerumani zilizohifadhiwa hapa nchini ziliingizwa mwaka 1997 katika rejista ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, na katika jina hilo neno linabeba maana zake zote mbili, ya kichwani na ya kabatini. (Jirani zetu wa Kenya wana neno makavazi kwa mahali penyewe. Ni neno zuri, lakini huku Dar ukilisema utaulizwa ni kitu gani.)

Mchoro au ramani? Hapa nitakaa kidogo, maana nimeona maelezo mengi yakiharibika.

Fundi wa Mbagala hasemi mchoro. Anasema “nenda kachorewe ramani”, akimaanisha ramani ya vyumba vitatu, sebule na choo cha ndani. Ana haki yake. Ramani inahusishwa na rahmani, kitabu cha mabaharia wa Bahari ya Hindi kilichowaongoza njia, nalo limetokana na Kiajemi rahnama, kionyesha njia. Kutoka kwenye njia ya jahazi, likafika kwenye nchi inayotazamwa kutoka juu, likafika kwenye nyumba inayotazamwa kutoka juu. Kinachounganisha yote ni lile jicho la juu. Nyumba iliyoondolewa paa, ukaiona kama ndege anavyoiona, hiyo ni ramani.

Niliwahi kufunuliwa bunda moja la michoro ya jengo la mjini. Karatasi ya juu ilikuwa ya buluu iliyokolea, mistari yake myeupe, kona moja imeliwa na mchwa kwa ustadi kama kamba ya lesi. Chini kulia kulikuwa na kisanduku chenye jina la jengo, kipimo 1:100, tarehe na herufi mbili za mchoraji. Hiyo ilikuwa ramani ya ghorofa ya chini. Karatasi ya pili ilionyesha jengo kama lililokatwa katikati kwa kisu, ngazi zikionekana zinavyopanda. Ya tatu ilionyesha uso wake unaotazama barabara. Bunda zima lilikuwa limeandikwa “Ramani”, kwa kalamu ya risasi. Hizo mbili za nyuma siyo ramani hata kidogo. Ya pili ni mkato, ya tatu ni mwonekano wa mbele. Wajerumani walizitenganisha vivyo hivyo, na kwenye michoro ya enzi zao utakuta Grundriss, Schnitt na Ansicht. Schnitt ni mkato neno kwa neno, kwa hiyo huna haja ya kubuni kitu.

Ukitaka neno la bunda zima, ni michoro. Na ramani usiiache peke yake, maana anayetafuta nyumba ataletewa mitaa yote ya Kariakoo. Andika “ramani ya ghorofa ya chini” au “ramani ya mji”. Ghorofa nayo ina matata yake, kwa kuwa mjini hapa mtu “anamiliki ghorofa”, jengo zima. Hilo liache, muktadha utalimaliza.

Jambo moja la kitaalamu lenye sura ya lugha. Usiandike “kipimo ni 1:100”. Kwenye karatasi ilikuwa kweli, sentimita moja ilikuwa mita moja ya jengo. Kwenye skrini mtu anakuza na kupunguza apendavyo, sentensi yako inakuwa ya uongo. Andika “kipimo cha awali 1:100”, na mwombe mpigapicha alaze rula pembeni ya karatasi.

“Kale” itumie kwa uchache. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inahesabu majengo ya kabla ya 1863, na Dar es Salaam yenyewe Sultani Majid alianza kuijenga miaka hiyohiyo ya 1860. Picha ya Samora Avenue ya mwaka 1978 ni ya zamani, siyo ya kale. Mimi niliyekuwepo sipendi kuitwa wa kale.

Na “kudijitaizi”? Hapana. Hicho ni kitenzi cha Kiingereza kilichobandikwa ku-. Kiswahili kina -isha yake na kimeitumia kwa mambo mazito. Mabenki yalipochukuliwa na taifa mwaka 1967 hatukusema yame-neshenalaiziwa, tulisema yametaifishwa. Yalipokuja kuuzwa baadaye, yalibinafsishwa. Basi dijiti inazaa dijitisha: picha hizi zimedijitishwa. Kuskani ni kitu kingine, ni ile hatua ya mashine kupita juu ya karatasi. Mchoro uliokwisha kuskaniwa ukaachwa na jina IMG_0047 bado haujadijitishwa, maana hakuna atakayeupata.

Hapo ndipo na orodha yako inapohusika. Kompyuta nyingi hazijui kwamba waraka na nyaraka ni ndugu, wala ukuta na kuta, wala jengo na majengo. Kiswahili kinabadilisha maneno mwanzoni, hivyo orodha ya alfabeti inawatawanya ndugu: mmoja kwenye W, mwingine kwenye N. Kamusi zetu huweka nomino kwa umoja wake. Fanyeni hivyo kwenye safu ya aina ya kitu, ofisi nzima, bila ubaguzi.

Tuseme basi siku moja umekabidhiwa karatasi ya soko la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli, lenye paa la miavuli ya zege. Ningeandika hivi: “Mchoro. Soko la Kariakoo, mkato unaoonyesha nguzo na paa. Msanifu: Beda Amuli. Kipimo cha awali 1:100. Kona ya juu kushoto imechanika.” Kama kipimo hakisomeki, acha nafasi wazi.