Mwanangu, Kuhusu Goti Lako

Mwanangu mpendwa,

Barua yako imenifikia, nami namshukuru Mungu kwamba upasuaji wa kano ya goti umekwenda salama. Umeniuliza umchague nani kati ya wataalamu wawili wa fiziotherapia: yule wa karibu mwenye mashine mpya, au yule wa mbali kidogo aliyetajwa na daktari wako. Mimi si tabibu, lakini bega langu lilipoganda nilipita mikononi mwa wawili.

Wa kwanza alikuwa akinilaza, akiniwekea joto na mashine ya umeme, kisha akienda kuhudumia wengine. Siku kumi zilipita bila kuniomba hata mara moja niinue mkono auone unafika wapi. Nilikuwa nikitoka pale na nafuu, na ifikapo jioni maumivu yamerudi. Wa pili hakugusa mashine siku ya kwanza. Aliuliza maumivu yalianzaje na kama yananiamsha usiku, akapima mwendo na nguvu za bega akililinganisha na lile zima, kisha akataka kujua ni kazi gani ninayotamani kuirudia. Nilimjibu kwamba nataka kufikia rafu ya juu, naye akaliandika hilo. Hakunificha kwamba bega la namna hiyo huweza kuchukua mwaka au zaidi kufunguka, jambo ambalo, nakiri, liliniudhi.

Hakikisha kwanza kwamba wote wawili wamesajiliwa kisheria. Kisha waulize watajuaje kwamba goti liko tayari kukimbia. Mwenye ujuzi atakutajia vipimo: goti kunyooka kabisa, nguvu za paja zikilinganishwa na za mguu mwingine, kuruka kwa mguu mmoja. Anayekuahidi kurudi uwanjani baada ya miezi 3 mshukuru uondoke, kwa kuwa kano iliyopandikizwa hukomaa polepole, na wataalamu wengi hushauri michezo ya kugeuka ghafla isubiri angalau miezi 9.

Mashine huweza kutuliza maumivu au kuamsha msuli mwanzoni, ila nguvu za paja hujengwa na mazoezi, na mengi utayafanya nyumbani peke yako. Kwa hiyo mtafute anayekupa mazoezi machache, akakutazama ukiyafanya, na kuyabadilisha goti linapobadilika. Tena, ukimwambia kwamba kigimbi kimevimba na kinauma, naye akajibu kuwa ni kawaida bila kukitazama, usirudi kwake: baada ya upasuaji huenda damu imeganda kwenye mshipa, na hilo ni la daktari siku hiyohiyo.

Umbali siudharau, hasa kwa mtu anayetembelea magongo. Hata hivyo umeandika, kana kwamba ni jambo dogo, kuwa yule wa mbali alikuomba kwenye simu uje na ripoti ya upasuaji, ilhali mwenzake alikusimulia mashine zake. Mimi ningeanza na huyo aliyeomba ripoti. Niandikie baada ya kumwona mara ya pili, unieleze amekupa mazoezi gani.

Mama yako