Toyota IST ya mkononi au ya kuagiza?

Ndugu, umeuliza uchukue IST ya mkononi hapa Dar au uagize Japani. Anza na kikokotoo cha kodi ya magari cha TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania): IST za 2002 hadi 2007 hubeba pia ushuru wa uchakavu, yaani wa magari ya zamani. Jumla ya gari, usafiri na kodi ikikaribiana na bei ya hapa, nunua ya hapa, ila ikague injini ikiwa baridi. Fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando kama maziwa, huenda maji yanaingia kwenye oili kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Kisha chomoa kijiti cha oili ya gia: oili ikiwa nyeusi na inanuka kuungua, achana na gari hilo, hata upunguziwe milioni. Ukikuta injini imeshapashwa moto kabla hujafika, rudi kesho asubuhi.