Muulize Bibi: Tabora hadi ziwani na watoto

SWALI: Shikamoo bibi. Niko Ng'ambo, Tabora. Likizo ya Desemba nataka kuwapeleka wanangu watatu na mama yangu Kigoma. Gari ni dogo, na mama anasumbuliwa na magoti. Tupange vipi?

JIBU: Marahaba mwanangu. Ondokeni alfajiri, mama akae mbele, mkeo atakusamehe. Urambo shukeni mnyooshe miguu. Uvinza nunua chumvi. Watu wanaichemsha pale kwa zaidi ya miaka elfu moja.

Ujiji, mahali Stanley alipomkuta Livingstone mwaka 1871, dakika ishirini zinatosha. Wajukuu wangu walisikiliza kidogo tu, macho yote kwenye maembe.

Kuogelea, nendeni upande wa Katonga asubuhi upepo ukiwa umelala, na muwaulize kwanza wavuvi habari za mamba. Watoto wasivuke magoti: Ziwa Tanganyika lina kina cha karibu mita 1,470, la pili duniani baada ya Baikal.

Ila kabla ya yote tazama mwezi! Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwa kali mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Chagua usiku wa giza, mkeke chini, mama aegemee mto, mle migebuka wa kuchoma mkitazama taa zikielea kama mji mwingine majini.

Dagaa wa kurudi nao wafunge mifuko miwili. Mimi niliwaweka chini ya kiti wakiwa kwenye gazeti. Mpaka Pasaka gari lilikuwa linanuka kama Kibirizi, mwalo wa dagaa kule Kigoma.