Barua kwa mwanangu: kabla hamjalipia ile pakeji ya Alaska

Mwanangu Rehema,

Ujumbe wako wa sauti niliusikiliza mara mbili, mara ya kwanza nikiwa na shughuli zangu, mara ya pili nimekaa kitako na baba yako kando yangu. Unasema kampuni ya meli imewapa bei ya siku saba baharini kutoka Vancouver hadi Alaska, halafu siku nne za nchi kavu kwa treni na basi mpaka hifadhi ya Denali na mji wa Fairbanks, na kwamba kila kitu kimo humo. Mumeo Yusufu anaona huko ni kutupa pesa. Anataka mlipie meli tu, mkishuka mjipangie wenyewe. Na mama mkwe wako anakuja nanyi. Unauliza sisi tuliowahi kusafiri kwa njia zote mbili tunasemaje.

Baba yako alijibu kabla hujamaliza kuongea: "Wajipangie!" Nikamwambia angoje kwanza, kwani siku ile tairi lilipopasuka aliyehangaika na simu hakuwa yeye.

Nianze na safari ya kwanza, ya pakeji. Raha yake ni ya kweli, asikudanganye mtu. Tulishuka melini Whittier tukakuta treni inatungoja palepale bandarini. Whittier ni kijiji kilichobanwa kati ya milima na maji, na kwa nchi kavu hutoki isipokuwa kwa handaki moja la kilomita 4 lenye njia moja tu. Magari na treni hupokezana humo. Magari yenyewe hupita kwa zamu, ya kutoka kwanza kisha ya kuingia, na usiku handaki hufungwa. Mwenye gari akikosa zamu yake, anakaa foleni akiangalia saa. Sisi hatukujua hata kama kuna zamu. Tuliingizwa kwenye behewa lenye vioo hadi darini, tukakaa, tukapelekwa.

Baadaye ndipo nilipojua kwamba treni zile huvutwa na vichwa vya Shirika la Reli la Alaska. Kampuni za meli zina mabehewa yao tu. Anayejikatia tiketi katika shirika anapanda mabehewa mengine, lakini reli ni ileile na mito anayoiona ni ileile. Jambo hili mwambie Yusufu, atafurahi.

Sasa kero. Kila siku ya kuhama, mabegi yanatakiwa nje ya mlango wa chumba alfajiri, yakiwa na lebo ya rangi ya kundi lenu. Yanatangulia, nanyi mnayakuta jioni kwenye hoteli ya mbele. Ni huduma nzuri sana, mpaka siku baba yako alipotoa begi lake likiwa na dawa za presha ndani. Saa mbili asubuhi anataka kumeza kidonge, begi liko barabarani. Wale vijana wa kampuni walipiga simu huku na huku kwa adabu zote, lakini begi lililokwishaondoka halirudi. Alikaa bila dawa mpaka saa kumi na moja jioni, na mimi nilikuwa nikimtazama uso kila baada ya dakika kumi kama daktari.

Lakini hilo ni letu wenyewe. Lililoniuma zaidi lilikuwa kwenye karatasi ya ratiba. Iliandikwa kwamba tutalala Denali siku mbili. Siku ya kwanza loji yetu ilikuwa upande wa kusini wa Mlima Denali, zaidi ya kilomita 160 kutoka lango la hifadhi kwa barabara. Mahali pazuri, kibaraza kinautazama mlima, sikatai. Ila hifadhini si hapo. Siku ya pili tulifika langoni alasiri, tukalala, asubuhi tukapakiwa kwenye basi la ziara fupi ya saa nne au tano, mchana tukaondoka. Mlima? Wingu tupu. Wanasema kati ya wageni watatu wa kiangazi, mmoja tu ndiye huuona vizuri, na mlima wa mita 6,190 ukijifunika haukujali wewe umelipa kiasi gani. (Mkiona majina mawili msichanganyikiwe: mwaka 2025 serikali ya Marekani iliurudishia mlima jina la McKinley, lakini hifadhi bado ni Denali.)

Hapo ndipo niliposhika kitu kimoja ambacho naona kwenu ndicho cha kuamulia. Pakeji inakuuzia mtu wa kukubebea wasiwasi. Siku ya kungoja haikuuzii. Na kule, vitu vikubwa vyote ni vya kungoja: wingu lifunguke, dubu ashuke kilimani, mvua ikatike.

Miaka michache baadaye tukarudi wenyewe. Tulichukua chumba karibu na lango, siku tatu, bila kuhama. Barabara ya hifadhi ina urefu wa maili 92, yaani kilomita 148, na gari la mtu binafsi wakati wa kiangazi huruhusiwa maili 15 za mwanzo tu, mpaka Mto Savage, ambako lami nayo inaishia. Mbele ya hapo ni mabasi. Ziko ziara zenye mwelekezi anayesimulia njia nzima, na yako mabasi ya kijani, ya bei nafuu, yasiyo na masimulizi rasmi. Uzuri wa haya ya kijani ni kwamba unaweza kumwambia dereva akushushe, utembee, kisha upungie basi jingine lenye nafasi. Tangu Agosti 2021 barabara ilikatwa na maporomoko ya ardhi karibu na maili ya 45, na mabasi yamekuwa yakigeuzia maili ya 43. Kabla ya kulipa, angalieni mwaka huu yanafika wapi.

Siku ya kwanza ilinyesha. Siku ya pili tulipanda basi la kijani, tukaona dubu mmoja na watoto wawili mbali kidogo, mlima hakuna. Siku ya tatu, saa nne usiku, baba yako ameshavaa nguo za kulalia, mimi nachungulia dirishani naona anga imekuwa safi kama imefuliwa. Katikati ya Juni kule jua huzama baada ya saa sita usiku. Nikamwambia twende. Akavaa koti juu ya nguo zake za kulala, tukaendesha mpaka karibu na maili ya 10. Kwenye kona moja tu, bila onyo, ukawa pale. Nilidhani nitautafuta kati ya milima mingine. Hapana, ile mingine yote ilikuwa chini yake kama watoto mbele ya mtu mzima. Kilele kilikuwa na rangi ya waridi upande wa jua na buluu upande wa kivuli. Baba yako alizima gari. Hatukusema neno. Watu wa pakeji waliolala hoteli ya jirani walikuwa na mabegi ya kutoa alfajiri, nao walikuwa wamelala.

Ndiyo maana baba yako husema "wajipangie" bila kufikiri. Anaukumbuka usiku ule, anaisahau kesho yake.

Kesho yake aliona kwenye ramani barabara iitwayo Denali Highway, ya kilomita 217 kutoka Cantwell hadi Paxson, sehemu kubwa changarawe. Mkataba wa gari la kukodi ulisema wazi kwamba barabara hiyo hairuhusiwi. Kampuni nyingi za kule huandika hivyo. "Twende kidogo tu," akasema. Kidogo chake kilikuwa kilomita 40 na tairi moja. Simu haikushika mtandao, nikatembea nikiinyanyua juu kama bendera. Dereva mmoja wa gari la mizigo ndiye aliyetusaidia kufunga la akiba. Bima haikulipa chochote kwa sababu tulivunja mkataba, na mwenye gari alitukata pesa za tairi na kazi. Katika pakeji, siku kama ile ungekaa dirishani unakunywa chai huku mtu mwingine akitoka jasho.

Sasa yenu. Kuna jambo Yusufu hajalitaja, nalo ni meli inaelekea wapi. Nyinyi mnaanza na bahari, mnapanda kaskazini, mnamalizia nchi kavu. Hapo kujipangia hakuna hatari kubwa. Mkichelewa mahali, mtapoteza chumba cha usiku mmoja au mtabadilisha ndege. Ingekuwa kinyume, nchi kavu kwanza kisha meli ya kushuka kusini, ningewaambia nunueni pakeji nifumbe macho. Treni ya kampuni ikichelewa, kampuni inajua abiria wake wako wapi na ni juu yake kuwafikisha. Treni yenu mkichelewa nayo, meli inang'oa nanga. Hata bandarini njiani, Juneau, Skagway, Ketchikan, sheria ni hiyohiyo: ziara mliyonunua melini ikichelewa, mnangojwa, mliyojitafutia ikichelewa, mtaiona meli kwa nyuma. Mnaweza kujitafutia, mimi hufanya hivyo, ila nahakikisha nimerudi saa nzima na zaidi kabla ya muda.

Mama mkwe wako. Najua unafikiri pakeji ni kwa ajili yake, kwa sababu ya magoti. Mimi nadhani ni kinyume, na nisikilize vizuri hapa. Mtu mzima mwenye magoti mabovu hachoshwi sana na kukaa safarini. Anachoshwa na kuamshwa, kusimamishwa, kupangwa foleni, kupanda na kushuka ngazi za basi. Pakeji ya siku nne ina hoteli tatu. Akikaa mahali pamoja siku tatu, asubuhi asipojisikia anabaki na kitabu chake, nanyi mnatoka, jioni mnamkuta palepale na begi lake na dawa zake. Katika kundi hakuna kubaki.

Ila gari msikodi. Kukodi mjini Anchorage na kuliacha Fairbanks kuna ada ya kuliacha mbali, na huwa si ndogo. Nunueni melini usafiri wa basi wa kutoka bandarini hadi Anchorage, huo waachieni wao kwa sababu ya lile handaki na mizigo. Kutoka Anchorage kateni treni ya shirika mpaka Denali, mwendo wa saa nane hivi, viti vizuri, msalani ni ndani ya behewa. Baada ya siku tatu endeleeni kwa treni mpaka Fairbanks, mwendo wa saa nne tu, mrudi kwa ndege. Ukitazama vizuri hiyo ni pakeji ileile, isipokuwa mmezitoa siku za kuhamahama mkaweka za kungoja.

Kuhusu pesa, Yusufu asijipe matumaini makubwa. Chukueni bei ya meli peke yake kwa chumba cha aina ileile, mtoe kwenye bei ya pakeji. Kinachobaki ndicho mnacholipia nchi kavu. Kisha andikeni treni, vyumba, basi la hifadhi, kwa watu watatu. Vyumba vya langoni mwezi Julai ni ghali kwa kila mtu, na mnaweza kukuta mmeokoa kidogo sana. Na wewe usiseme kila kitu kimo. Melini chakula kimo. Nchi kavu mara nyingi hakimo, au kimo mara moja moja. Someni.

Visa ya mama mkwe ianze leo. Meli inaanzia Vancouver na si Seattle kwa sababu ya sheria ya Marekani ya mwaka 1886: meli yenye bendera ya nchi nyingine haiwezi kumchukua abiria bandari moja ya Marekani na kumshusha nyingine bila kupita kwanza bandari ya mbali ya nje. Karibu meli zote hizo kubwa zina bendera za nje. Kwa hiyo lazima apite Kanada. Nyinyi wawili mna green card, kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, pasi na kadi zinawatosha. Yeye ana visa ya utalii ya Marekani tu. Anahitaji ya Kanada, na hakikisheni ile ya Marekani inamruhusu kuingia tena. Hilo pakeji haiwafanyii.

Usilipe chochote wiki hii. Ile karatasi ya ratiba ipige picha kurasa zote, hata ya nyuma yenye maandishi madogo, unitumie. Nataka kuona hizo siku mbili za "Denali" ni za loji ipi. Baba yako tayari anatafuta miwani, na anasema nimwandikie Yusufu kwamba Denali Highway ina mandhari nzuri sana. Usimfikishie.

Mama yako