Msimbo mpya wa eneo: namba yako inabaki, kupiga ndiko kunabadilika

Ndugu, umeuliza kama msimbo mpya wa eneo, yaani zile tarakimu tatu za mwanzo wa namba ya simu, ukiongezwa mjini kwenu huko Marekani utapoteza namba yako, na kama kumpigia jirani kutahesabiwa simu ya masafa marefu. Ukiwekwa juu ya ule wa zamani, eneo lile lile, ondoa hofu: namba inabaki na simu ya jirani inabaki ya jirani kwa malipo. Kinachokwisha ni kupiga kwa tarakimu 7 tu, bila msimbo.

Mimi nilikuwa Chicago mwaka 2009, mwezi Novemba, 872 ilipoongezwa juu ya 312 na 773. Tangu hapo tarakimu 7 zile zile zinaweza kuwa za watu watatu, kila mmoja na msimbo wake, na mtambo hauwezi kukisia unamtaka nani. Simu ya mezani ikawa lazima ubonyeze 1, msimbo, ndipo zile 7, hata unapompigia wa ghorofa ya chini. Ya mkononi, 10 zilitosha.

Njia ya zamani ilikuwa kuligawa eneo. Mwaka 1996, sehemu kubwa ya Chicago nje ya katikati ya mji ilitolewa 312 ikapewa 773, na wenye maduka wakalazimika kuandika mabango upya. Kwangu, bora tarakimu tatu za ziada kuliko kupokonywa namba ambayo wateja wameikariri.

Lakini usijali vidole vyako, vitazoea. Hangaikia mashine. Ofisini kwetu king'ora cha wezi kilikuwa kimewekewa namba ya walinzi kwa tarakimu 7. Hakuna aliyekikumbuka. Tulipokuja kukijaribu, kililia humo ndani vizuri kabisa, ila kwa walinzi simu haikufika. Siku kadhaa tulikuwa tunafunga mlango tukiamini tunalindwa! Faksi nayo ilikuwa hivyo hivyo, na namba zote za kubonyeza mara moja.

Kwa kawaida hutolewa miezi kadhaa ambapo kupiga kwa aina zote mbili, bila msimbo na pamoja nao, kunakubalika. Itumie kukagua kila kifaa kinachopiga chenyewe, na kuongeza msimbo kwenye majina yote uliyohifadhi. 911, namba ya dharura, haiguswi, inabaki tarakimu tatu. Na kama jengo lenu lina lifti yenye simu ya dharura, mwombe msimamizi aijaribu wewe ukiwepo.