Mdogo wangu, masika yatakukuta wapi?

Matokeo ya kidato cha nne hutoka Januari, na hapa Moshi Januari ni msimu wa kupanda Mlima Kilimanjaro. Wageni wamejaa, wapagazi wanatafutwa. Kijana aliyepata daraja sifuri hakai chini na mtu kuzungumza. Anaambiwa tu kesho alfajiri awe stendi.

Ndivyo nilivyoanza kubeba mizigo nikiwa na miaka 17, na daraja la nne langu. Mjomba alimwambia mama, "Dada, niachie huyu, atapanda na mimi." Niliposhuka geti la Mweka siku ya sita, mabega yamechubuka, nilihesabu noti mara tatu. Nikampa mama hela ya unga na sukari, nikanunua simu. Siwezi kuwadanganya kwamba ile pesa haikuwa tamu. Ilikuwa tamu, na ndiyo maana nawaandikia.

Kisha masika yakaingia. Aprili mlima umefunikwa na mawingu, wageni hakuna. Nilikaa kijiweni Pasua wiki tano bila safari hata moja, na simu nikaiuza.

Binamu yangu tuliyemaliza naye shule alikuwa VETA Moshi, chuo cha ufundi cha serikali, anasoma umeme. Jioni moja alikuja kutengeneza taa ya jikoni iliyokuwa imekufa tangu Krismasi. Akazima swichi kubwa, akatoa testa mfukoni, akachuna waya polepole kwa koleo, akauzungushia tepu nyeusi. Taa ikawaka. Mama akamtengea bakuli la mtori kama mgeni. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, nimemshikia tochi.

Ile tochi ndiyo iliyonipeleka chuoni. Mwaka uliofuata nilijaza fomu. Mjomba alinuna mwezi mzima, lakini ndiye aliyeninunulia viatu vya kazi. Na mlima sikuuacha: likizo nilipanda, hela ikalipia vifaa na nauli. Wadogo zangu, hilo nalisisitiza kwa moyo wangu wote. Kazi ya msimu ikusomeshe, isikuondoe darasani. Wa bodaboda na wa machimbo ya tanzanite ya Mererani nao nawaambia hivyo hivyo.

Ukiwa na krediti tatu, yaani alama C au zaidi kwenye masomo matatu, nenda kidato cha tano. Ada ya shule za serikali kwa kidato cha tano na sita ilifutwa 2022. Ukikosa, unaweza kurudia mtihani kama mtahiniwa wa kujitegemea. D nne nazo si za kutupa, vyuo vingi vya astashahada vinazipokea. Na VETA inapokea hata aliyeishia darasa la saba, watu wengi hawalijui hili. Ukiwa Arusha na unapenda upishi au mapokezi, kuna chuo cha VETA cha hoteli na utalii kule Njiro. Kabla hujalipa senti kwenye chuo chochote cha mtaani, hakikisha kimesajiliwa na NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi. Nimeona wazazi waliouza ng'ombe kwa cheti kisichotambulika popote.

Binti uliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito, tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu urudi baada ya kujifungua. Usikubali mtu akwambie muda wako umepita.

Wazazi, neno moja. Wiki ya matokeo msimwambie mtoto amefeli maisha. Mama yangu hakunisema, alinyamaza, na ukimya ule uliniuma kuliko kofi. Ningemshukuru sana kama angeniuliza tu, "Sasa unataka kujifunza nini?"

Juzi kijana wa jirani, anaendesha boda ya mtu, aliniuliza kama anaweza kusoma ufundi magari bila kuacha pikipiki. Nimemwambia kozi fupi za jioni zipo. Jumatatu asubuhi tunakwenda wote kuuliza, na nimemwambia aje na cheti chake cha kuzaliwa.