Moto uliozimwa mbona unarudi?

SWALI: Shikamoo Babu. Oktoba 2020 Kilimanjaro ilipowaka, kaka yangu alipanda kuzima moto. Wakauzima, kesho yake moshi ukafuka palepale! Inakuwaje? Na maji ya mfongo wetu, yaani mfereji wa kumwagilia mashamba, je? – Msomaji, Marangu

JIBU: Marahaba, mjukuu wangu. Kaka yako hakuzembea. Kule juu udongo una mboji nene iliyojaa mizizi mikavu. Moto huzama humo, ukatambaa chini kwa chini bila mwali, mpaka upepo uuibue. Kuupiga kwa matawi hakutoshi. Lazima kuchimba mtaro hadi udongo mtupu. Enzi zangu tulipitisha kiganja juu ya majivu, na penye joto tukachimba tena.

Maji ndiyo yanayoniuma. Miti ya erika, ile inayoota ukingo wa juu wa msitu, hunasa ukungu kwa vijani vyake vyembamba, matone yakadondoka ardhini. Mwaka ule ziliungua takriban kilometa za mraba 95, na tangu 1976 moto wa mara kwa mara umeushusha mpaka wa juu wa msitu. Watu huililia theluji, lakini kupotea kwa erika kunatunyima maji mengi zaidi. Kiangazi hiki, mkimwona mrina asali anapanda na mwenge, mzuieni.